Barabara za vitongoji Simiyu: Mali ya wote, mzigo wa wachache

Na Mwandishi Wetu, Bariadi

MVUA zinapokaribia mkoani Simiyu, swali moja huibuka upya katika vitongoji vingi vya wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Nani atengeneze njia?

Swali hilo haliihusu barabara kuu. Safari ya kutoka Lamadi, kando ya barabara ya Mwanza kwenda Musoma, hadi Bariadi mjini, na kutoka Bariadi kupitia Maswa hadi Mwigumbi mkoani Shinyanga, leo hufanyika juu ya lami inayosimamiwa na Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS). Msafiri anayepita huko akiwa ndani ya basi anaweza kuondoka akiamini kwamba kero ya usafiri katika mkoa huu imekwisha.

Kero imejificha mahali basi lisipofika. Ni vile vipande vya kilometa moja, mbili au nne vinavyotoka kwenye barabara ya kata na kupenya katikati ya mashamba ya pamba, mtama na mahindi hadi kwenye miji ya familia moja moja. Wakazi wa huko huviita barabara, na ndivyo vilivyo, kwa sababu hupitisha mikokoteni, pikipiki, trekta na hata lori la mzigo. Lakini vingi havimo katika orodha yoyote ya Serikali, na kisichomo katika orodha hakimo katika bajeti.

Kwa maneno mengine, ni barabara za watu wenyewe. Wanaoishi kandokando yake ndio wanaopaswa kuchanga, kuchimba mitaro, kufukia mashimo na kuamuliana pale mmoja anapoisogeza mipaka ya shamba lake hadi kwenye njia. Katika nchi nyingine kazi hiyo hufanywa na vyama vya wenye nyumba vilivyosajiliwa, vyenye katiba, ada na daftari la hesabu. Hapa hufanywa na mwenyekiti wa kitongoji, filimbi yake na hiari ya majirani.

Ili kuelewa jambo hili lilikotoka, ni vema kurudi nyuma kidogo.

Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwakusanya wananchi na kuwapanga kwa mistari kandokando ya barabara. Kwa Wasukuma, ambao kwa desturi mji wa familia hujengwa katikati ya shamba na malisho yake, mpangilio ule ulikuwa mgeni na mgumu. Msukumo wa Serikali ulipolegea, familia nyingi zilirudi taratibu mashambani na kuacha nafasi baina ya mji na mji. Barabara hazikuwafuata. Kilichowafuata ni mapalio ya ng'ombe, ambayo kadiri miaka ilivyopita yalipanuka yakawa njia za mikokoteni, na baadaye barabara.

Wakati huohuo watu wameongezeka. Sensa ya mwaka 2012, mwaka uleule Simiyu ilipomegwa kutoka Mkoa wa Shinyanga na kuwa mkoa kamili, ilihesabu watu zaidi ya milioni 1.5. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 2.1. Watoto wanapokua na kugawiwa mashamba, nyumba mpya hujengwa ndani zaidi, na kila nyumba mpya huhitaji njia.

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliziona njia za namna hii. Chini ya barabara kuu na za mikoa, sheria hiyo inataja barabara za wilaya, na ndani ya kundi hilo zimo barabara za jamii, yaani zile zinazohudumia watu ndani ya kijiji. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba sheria imezisahau. Tatizo ni kwamba kutajwa kwa aina ya barabara ni jambo moja, na kutambuliwa kwa barabara fulani, yenye jina, urefu na namba, ni jambo jingine kabisa.

Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA) ulipoanzishwa mwaka 2017 ulirithi kutoka halmashauri mtandao wa takriban kilometa 108,000. Baada ya uhakiki, mtandao unaotambuliwa ulipanda na kuzidi kilometa 144,000. Hiyo ni hatua kubwa, na asiyeikiri hatendi haki. Lakini kila barabara inayoongezwa kwenye orodha inaongeza pia idadi ya wanaogombea fungu lilelile, na mhandisi wa wilaya mwenye fedha za kutengeneza sehemu ndogo tu ya mtandao wake hawezi kulaumiwa akianza na barabara inayounganisha kata mbili kabla ya ile inayoishia kwenye mji wa mzee mmoja.

Hapo ndipo hoja ya kwanza ya wananchi inapopata nguvu. Matengenezo ya barabara nchini hugharamiwa zaidi na tozo ya mafuta inayoingia katika Mfuko wa Barabara. Katika bajeti ya mwaka 2021/22 Serikali iliongeza Sh100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, na sababu iliyotolewa ilikuwa barabara za vijijini. Mwendesha bodaboda wa Itilima anayejaza lita tatu hulipa tozo hiyo sawasawa na mwenye gari anayepita barabara ya lami jijini Dar es Salaam. Akitoka kituo cha mafuta anaingia kwenye njia ambayo haipati hata senti moja ya mfuko huo, na jioni mwenyekiti wa kitongoji anagonga mlango wake kumwomba mchango wa kalavati.

Akisema ameshalipa, hasemi uongo.

Lakini akiishia hapo, mvua haitamsubiri. Sehemu kubwa ya ardhi ya Simiyu ni udongo mweusi wa mbuga, ule ambao ukikauka hupasuka nyufa za kuingiza mguu na ukilowa huvimba na kunata kama gundi. Udongo huo hauvumilii maji yaliyosimama. Njia iliyoinuliwa kidogo katikati, ikawa na mitaro miwili pembeni na matoleo ya maji kila baada ya mwendo mfupi, inaweza kupitika msimu wote hata bila greda. Njia iliyo chini ya usawa wa mashamba hugeuka mfereji ndani ya wiki moja, na changarawe inayomwagwa juu yake bila kutoa maji kwanza humezwa na tope.

Maana yake ni kwamba kazi kubwa ya barabara ya kitongoji ni jembe, koleo na mpangilio wa watu, na inapaswa kufanyika mwezi Septemba au Oktoba wakati ardhi ingali kavu. Kwa kawaida watu huitwa Januari, lori likiwa limeshakwama.

Msaragambo si jambo geni katika eneo hili. Kabla ya ukoloni na hata baada yake, Wasukuma walikuwa na vikundi vya vijana vya kulima kwa zamu, vyenye kiongozi wao, nsumba ntale, aliyejua nani alifika, nani alichelewa na nani anadaiwa siku ya kazi. Vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu, ambavyo watalii huvijua kwa kucheza na nyoka na fisi, navyo vina mizizi katika kulima pamoja. Aliyekwepa kazi za wenzake alijikuta analima peke yake, na adhabu hiyo ilitosha.

Kilichobadilika si moyo wa watu, kama wazee wengi wanavyopenda kulalamika. Kilichobadilika ni kwamba majirani wa leo hawategemeani kwa usawa. Mwenye trekta hahitaji tena vijana kumi wa kumlimia. Mwalimu au muuguzi aliyepanga chumba hana shamba. Mfanyabiashara anayeishi mjini na kuacha mifugo kwa mchungaji haonekani kwenye msiba wala kwenye mkutano. Watu hawa wote wanaitumia njia, na pengine wanaichakaza kuliko wengine, lakini adhabu ya kutengwa haiwagusi.

Kwa hiyo msaragambo wa leo huangukia mabega yaleyale. Mara nyingi ni wanawake na vijana wasio na pa kukimbilia, wakati mwenye ng'ombe mia moja anatuma salamu.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Kitongoji chenye kaya 80 kinatumia njia moja ya kilometa tatu. Kila kaya ikitoa Sh1,000 kwa mwezi, mwaka ukiisha zitapatikana Sh960,000. Fedha hizo hazileti greda, lakini zikiongezwa nguvu za watu zinanunua saruji na nondo za kufyatulia makalavati ya mahali pabaya. Robo ya kaya zikigoma, Sh240,000 zimepotea. Mwaka unaofuata wale waliolipa watauliza kwa nini waendelee kuwalipia wenzao, na mwaka wa tatu hakuna mchango.

Ugomvi wa kwanza, na ambao haukosekani, ni wa mwanzo na mwisho wa njia. Mwenye nyumba iliyo mita mia mbili kutoka barabara ya kata anaona hana sababu ya kulipia kilometa tatu asizozipita. Aliye mwisho anajibu kwamba hata shimo lililo mbele ya nyumba ya yule wa mwanzo linamkwamisha yeye pia. Wote wana haki, na ndiyo sababu mkutano huisha bila uamuzi.

Ugomvi wa pili ni wa mzigo. Mkokoteni wa ng'ombe wenye magurudumu membamba, jembe la kukokotwa linaloburutwa barabarani badala ya kubebwa, kundi la ng'ombe linaloshuka mtoni kila siku, lori la mfanyabiashara wa mazao lililoingia usiku baada ya mvua; kila kimoja kina aina yake ya uharibifu. Kuwatoza wote kiasi kimoja pamoja na bibi anayetembea kwa miguu ni dhuluma ya wazi, hata kama inaitwa usawa.

Sweden, ambako barabara za watu binafsi zina urefu mkubwa kuliko za Serikali, waliuona ugomvi huu mapema. Kwa sheria zilizotungwa mwaka 1973, wenye mali kando ya njia huunda chama cha barabara, na kila mmoja hupangiwa fungu lake kulingana na umbali anaoutumia na uzito wa magari yanayokwenda kwake. Asiyelipa hudaiwa kisheria. Serikali nayo hutoa ruzuku kwa takriban kilometa 75,000 za barabara hizo, kwa sharti kwamba zikipokea fedha ya umma zibaki wazi kwa umma. Mwandishi wa makala haya hasemi kwamba Bariadi iige Sweden, nchi tajiri yenye kumbukumbu za ardhi za karne nyingi. Lakini kanuni yenyewe ni nyepesi: lipa kadiri unavyotumia, na Serikali iongeze pale wenye njia walipoanza.

Kanuni hiyo si ngeni hata hapa nchini. Jumba la ghorofa likigawanywa na kuuzwa kwa watu mbalimbali, Sheria ya Umilikaji wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 inawataka wenye sehemu hizo wawe na chama cha kusimamia ngazi, paa na ua wanaoutumia pamoja. Sheria imeona kwamba ngazi isiyo na msimamizi itaharibika. Barabara ya kitongoji ni ngazi iliyolala.

Mfano wa karibu zaidi uko kwenye bomba la maji. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 iliunda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA), na chini yake vikawekwa vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii. Chombo hicho husajiliwa, huwa na uongozi unaochaguliwa na watumiaji, huajiri fundi na mtunza fedha, hukusanya bei ya maji na hutoa hesabu. Vyombo hivyo vina matatizo yake, na mikutano yake hukosa amani kama mikutano mingine. Hata hivyo pampu ikiharibika, yupo mtu anayejulikana anayepaswa kuulizwa, na ipo akaunti ya kuanzia.

Mwanakijiji huyohuyo, katika kitongoji hichohicho, akitoka kisimani na kuingia barabarani, anakuta hakuna chombo. Kitongoji chenyewe si mtu mbele ya sheria. Hakiwezi kushitaki wala kushitakiwa. Halmashauri ya kijiji ndiyo yenye hadhi hiyo. Kamati ya barabara iliyoundwa chini ya mti haiwezi kumfikisha popote asiyelipa, na fedha zake hukaa kwenye simu ya mweka hazina. Siku simu ikipotea, au mweka hazina akipata msiba, kitongoji kizima hujua.

Yapo maji ya kufungwa kwa koki. Barabara haina koki, na hiyo ndiyo tofauti inayofanya kazi ya kamati ya barabara iwe ngumu kuliko ya kamati ya maji. Asiyelipa maji hunyimwa ndoo. Asiyelipa barabara hupita tu, na kuweka kizuizi njiani kumzuia jirani ni jambo ambalo halina uhalali na linaweza kuleta maafa.

Maafa hayo si ya kufikirika. Tangu mwaka 2022 Serikali imekuwa ikisambaza nchi nzima mfumo wa m-mama, ambao mjamzito au mzazi mwenye dharura hupigiwa simu namba 115 na dereva wa karibu aliyesajiliwa hutumwa kumchukua kama gari la wagonjwa liko mbali. Ni mpango uliojaribiwa kwanza kanda hii ya ziwa na Shinyanga. Lakini dereva hufika mahali gari linapoweza kufika. Kilometa mbili za tope zilizobaki ni za majirani na machela, usiku, wakati dakika zinahesabika.

Kwenye pamba hasara ni ya taratibu zaidi. Simiyu ndiyo mkoa unaoongoza kwa zao hilo nchini, na tangu msimu wa mwaka 2018 ununuzi umekuwa ukipitia vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS. Gharama ya kuitoa pamba kwenye ghala la chama kwenda kiwandani ni ya mnunuzi. Gharama ya kuitoa nyumbani hadi kwenye ghala ni ya mkulima. Mvua zikiisha na ununuzi ukianza, kwa kawaida mwezi Mei, njia huwa imekauka, lakini imekauka na makorongo yote iliyochimbwa na magurudumu ya Machi. Mwenye mkokoteni hupandisha bei ya kubeba, na hiyo ni fedha inayotoka kwenye bei ya kilo ambayo hakuna tangazo la bei elekezi linaloitaja.

Kwa nini, basi, viongozi wa vijiji hawatumii mamlaka waliyonayo? Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inairuhusu halmashauri ya kijiji kutunga sheria ndogo baada ya kusikiliza mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, na kuzipeleka halmashauri ya wilaya zipate idhini. Ada ya barabara, siku za kazi na faini ya anayelima barabara vinaweza kuwekwa humo.

Sehemu ya jibu ni woga, na woga huo una sababu. Kodi ya maendeleo, iliyowafanya wanaume wengi walale porini wakikwepa mgambo, ilifutwa mwaka 2003 pamoja na kodi nyingine za kero. Januari 2018 Rais wa wakati huo, hayati John Magufuli, alipiga marufuku michango katika shule za msingi na sekondari za umma. Agizo lile lilihusu shule. Hata hivyo kwa watendaji wengi neno lenyewe "mchango" liligeuka kuwa hatari, na kiongozi mwenye busara akaona ni salama kutochangisha kitu chochote kuliko kuja kujieleza mbele ya mkuu wa wilaya.

Uchaguzi nao una sehemu yake. Wenyeviti wa vijiji na vitongoji waliopo walipatikana katika uchaguzi wa Novemba 27, 2024. Katika kampeni za ngazi hiyo ni rahisi kuahidi greda kuliko kuahidi ada. Aliyeahidi greda hawezi kurudi baada ya miezi sita kuomba Sh1,000, na wananchi walioahidiwa wana haki ya kungoja.

Lakini ingekuwa kosa kuliona jambo hili kama woga wa viongozi pekee. Kanda hii ina kumbukumbu nzuri na mbaya ya nguvu za jumuiya, na zote mbili zinapaswa kukumbukwa kabla ya mtu kudai kamati za barabara zipewe meno.

Kumbukumbu ya sungusungu ndiyo ya kwanza. Makundi hayo yalizuka Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa mifugo ulipozidi uwezo wa polisi, na mwaka 1989 yalitambuliwa kwa sheria na kupewa mamlaka ya kukamata. Yalifaulu kwa sababu kila kaya ilihesabiwa: kulikuwa na zamu, mchango, daftari na adhabu. Lakini nguvu ileile iliyorudisha ng'ombe iliwahi pia kutesa watuhumiwa bila hukumu, wakiwamo wanawake walioshukiwa uchawi. Majirani wanaojuana sana wanaweza kuonea sana.

Kumbukumbu ya pili ni ngitili. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza mwaka 1986 wakati Bariadi, Maswa na Meatu zikiwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga, haukuleta wazo jipya. Ulilikuta wazo la Wasukuma la kutenga malisho ya kiangazi, ukaliimarisha. Ngitili za familia na za vijiji zilifungwa kwa makubaliano, mipaka ikajulikana, aliyeingiza ng'ombe kabla ya wakati akatozwa, na inakadiriwa zaidi ya hekta 300,000 zilirudia uoto wake. Mti ulirudi mahali ulipokuwa umekwisha, na uliorudisha ni utaratibu wa wenye ardhi wenyewe.

Ngitili ilifanikiwa pale faida ilipoonekana na wenye kuilinda, na kanuni zilipokuwa zao. Ilisuasua pale ilipogeuka kuwa ya kijiji kwa jina huku manufaa yakienda kwa wachache. Kwa maoni ya mwandishi huyu, somo hilo lina uzito kuliko semina yoyote ya utawala bora.

Suala la mipaka linahitaji kutazamwa peke yake, kwa kuwa ndilo linalozua uhasama wa kudumu. Njia iliyozaliwa na palio haina mawe ya mpaka. Kila msimu mwenye shamba la kushoto anaongeza tuta moja na mwenye shamba la kulia anaongeza jingine, na baada ya miaka kumi mikokoteni miwili haipishani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaitambua ardhi ya jumuiya chini ya halmashauri ya kijiji, na kijiji chenye mpango wa matumizi ya ardhi kinaweza kuichora njia hiyo humo kabla wenye mashamba hawajapewa hati za hakimiliki za kimila. Njia ikishachorwa kabla ya hati, ugomvi huwa mfupi. Hati zikitangulia, kijiji kitakuja kuomba ardhi ambayo mwenyewe ana karatasi yake.

Aidha, mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliyaondolea mabaraza ya kata mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi na kuyaachia usuluhishi. Kwa hiyo jirani akikataa kusuluhishwa juu ya mita mbili za njia, safari inayofuata ni baraza la ardhi na nyumba la wilaya, yenye nauli, mawakili na miezi. Wengi huziacha mita mbili ziende.

Pembezoni mwa Bariadi mjini hali ni ileile kwa sura nyingine. Mashamba yanakatwa viwanja, muuzaji anamwonesha mnunuzi kwa kidole mahali "barabara itakapopita", na makubaliano hayo hayaandikwi popote. Mnunuzi wa tano anajenga ukuta juu ya barabara ya kidole. Hapo wakazi huanza umoja wao wakiwa wameshagombana, ilhali haki ya njia ingeweza kuandikwa katika mkataba wa kwanza na kulindwa na Sheria ya Ardhi.

Nini kifanyike? Yapo mambo yasiyohitaji fedha wala sheria mpya. La kwanza ni kwamba kamati ya barabara isiwe ya kitongoji kinachoelea, bali iwe kamati ya halmashauri ya kijiji yenye wajumbe waliochaguliwa na watumiaji wa njia hiyo tu, ili iwe na mgongo wa kisheria na akaunti ya kijiji. Hesabu zake zisomwe katika mkutano mkuu, ambao kisheria hukutana kila baada ya miezi mitatu, na zibandikwe ukutani kwenye ofisi ya mtendaji. Wazee, wajane na wagonjwa wasamehewe kwa majina, si kwa huruma ya mwenyekiti.

Kanuni ya mvua nayo ni bure. Kitongoji kikikubaliana kwamba baada ya mvua kubwa lori na trekta zisubiri hadi njia ikauke, isipokuwa kwa mgonjwa, na kwamba jembe la kukokotwa libebwe, kimeokoa kazi ya siku nyingi bila kutoa senti. Kanuni hiyo ikiwa na faini iliyoidhinishwa na halmashauri ya wilaya, hata mfanyabiashara kutoka nje atalazimika kuiheshimu.

Kwa upande wa TARURA, wakala huo umekuwa ukitoa kazi za matengenezo ya kawaida kwa vikundi vya kijamii katika baadhi ya maeneo: kufyeka, kuzibua mitaro, kusafisha makalavati. Hatua inayokosekana ni kuugeuza utaratibu huo uelekee pia kwa njia zisizo katika orodha, si kwa malipo bali kwa kuongezea. Kamati iliyochimba mitaro yake kilometa tatu na kuonesha daftari la mwaka mmoja ipewe makalavati na fundi wa kuyaweka. Isiyochimba ingoje. Utaratibu huo hautamridhisha kila mbunge, kwa sababu hauna utepe wa kukata, lakini ungempa mwanakijiji jibu kwa swali lake la tozo ya mafuta.

Lipo kundi litakalosema kwamba kufanya hivyo ni kuibebesha jamii wajibu wa Serikali. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu zaidi kama jamii isingekuwa inaubeba wajibu huo hivi sasa. Inaubeba, bila risiti, bila haki ya kudai, na kwa kuwaonea wale wasioweza kukataa.

Hata kwa utaratibu huo, zipo njia ambazo hakuna kamati moja itakayoziweza. Nyingi huvuka mto wa msimu, na mto huo mara nyingi ndio mpaka wa vijiji viwili. Kivuko kibaya kuliko vyote huwa hapo, kila kijiji kikidai kiko upande wa pili. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inaruhusu vijiji jirani kufanya makubaliano ya matumizi ya pamoja ya ardhi, na makubaliano hayo yamezoeleka zaidi kwenye malisho na vyanzo vya maji. Hakuna kinachozuia wenyeviti wawili na watendaji wao kuketi kabla ya Oktoba, wakaandika nani ataleta mawe, nani ataleta saruji, na nani atakayeamshwa usiku maji yakijaa.